Kamisheni, Karatasi za Saa na Mzee Kitandani: Sheria za Minnesota Zinatuhusu Vipi?

Baada ya kipindi chetu kuhusu wazazi wetu na kazi ya uangalizi, tulipokea swali moja kwa sura nyingi. Dada mmoja wa Brooklyn Park aliuliza: "Hizi sheria mpya za ulaghai zinamhusu mama yangu, au ni za wenye kampuni tu?" Kaka mwenye kampuni ndogo ya kuhudumia watu majumbani akauliza kinyume chake: "Mbona ninalipishwa dhambi za watu nisiowajua?" Na mzee mmoja alituma sauti ya dakika nne ambayo kiini chake kilikuwa hiki: tangu mambo haya yaanze, hakuna aliyemketisha akamweleza kwa Kiswahili.

Haya basi, tuketi. Kwenye kipindi tulipita haraka, hapa nitakwenda polepole. Mimi si wakili. Ukiwa na barua ya idara mkononi, mtafute wakili leo, usisubiri kipindi kijacho. Lakini mamangu amefanya kazi hii tangu nikiwa darasa la pili. Ameogesha watu, amelisha watu, ameketi na watu usiku wa Krismasi wakati watoto wao wako Florida. Nusu ya watu niliokua nikiwaita anti na anko wameingia humo pia. Hapa Minnesota, ukikutana na Mkenya kanisani au harusini na kumuuliza anafanya kazi wapi, jibu la "naangalia mzee" halimshangazi mtu. Kwa hiyo Bunge la jimbo likigusa kazi hii, limegusa meza yetu ya chakula.

Pesa zinavyotembea

Ukitaka kuielewa sheria, anza na njia ya pesa. Mzee, mlemavu au mtu wa kipato kidogo anapata Medicaid, ambayo hapa inaitwa Medical Assistance. Pesa zake zinatoka serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo. Lakini jimbo halimtumi mfanyakazi wake nyumbani kwa mzee. Linasajili kampuni binafsi, kampuni inaajiri watu kama mamangu, halafu inatuma madai ya malipo: wiki hii tulimhudumia fulani saa kadhaa. Kompyuta inalipa. Ukaguzi, kama upo, unakuja baadaye.

Utaratibu huu una sababu nzuri. Mzee anayehitaji kugeuzwa kitandani hawezi kungoja miezi miwili karatasi ichunguzwe. Shida ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mgonjwa ndio mlango huohuo anaopitia mwizi, na kwa miaka kadhaa mlangoni hapakuwa na mtu.

Kesi tatu ndizo zilizobadilisha kila kitu.

Ya kwanza haikuwa ya Medicaid hata kidogo. Ilikuwa ya chakula cha watoto. Feeding Our Future lilikuwa shirika lisilo la faida, lenye kusimamia vituo vya kugawa chakula wakati wa korona kwa pesa za shirikisho zilizopitia idara ya elimu ya jimbo. Vituo vingine vilidai kulisha maelfu ya watoto kwa siku. FBI walifanya msako Januari 2022, na Septemba mwaka huohuo waendesha mashtaka wakatangaza washtakiwa 47 na hasara ya dola milioni 250. Tangu hapo washtakiwa wamepita 70. Aimee Bock, aliyelianzisha shirika hilo, alipatikana na hatia Machi 2025. Wengi wanakumbuka sinema ya Juni 2024: mfuko wenye karibu dola 120,000 taslimu ulipelekwa nyumbani kwa mwananchi aliyekuwa kwenye baraza la kuamua kesi. Aliita polisi. Lakini kilichonigusa mimi zaidi mwezi huo ni ripoti ya Mkaguzi wa Hesabu wa Bunge, iliyosema kwamba usimamizi dhaifu wa idara ya elimu ndio uliofungua nafasi ya ulaghai. Yaani dalili zilikuwepo, na jengo lilikuwa na watu, ila hakuna aliyefunga mlango.

Ya pili ni huduma ya kuwasaidia watu kupata nyumba na kudumu ndani yake, iliyoanza Julai 2020. Minnesota lilikuwa jimbo la kwanza kuilipia kwa Medicaid. Makadirio yalikuwa takriban dola milioni 2.6 kwa mwaka. Mwaka 2024 ilimeza zaidi ya dola milioni 100. Julai 2025 FBI walifanya msako, na Septemba wakashtakiwa watu 8 wa mwanzo.

Ya tatu ni matibabu ya watoto wenye usonji. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, madai yalipanda kutoka karibu dola milioni 3 mwaka 2018 hadi karibu milioni 400 mwaka 2023. Katika shtaka la kwanza, la Septemba 2025, walieleza kwamba wazazi walikuwa wakilipwa kati ya dola 300 na 1,500 kwa mwezi kwa kila mtoto ili tu wamwandikishe kwenye kituo. Shikilia hilo la wazazi kulipwa, tutalirudia.

Bunge lilifanya nini

Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi la Minnesota lilikuwa limegawanyika sawasawa, viti 67 kwa 67. Hakuna sheria iliyoweza kupita bila vyama vyote viwili kushikana mkono, na hata hivyo mambo kadhaa yalipita.

Kwanza, kamisheni ya siri. Sheria ya shirikisho imekataza malipo ya aina hii tangu 1972, lakini Minnesota haikuwa na sheria yake yenyewe. Tangu Agosti 1, 2025 inayo. Sasa ni jinai ya jimbo kutoa au kupokea malipo ili kumpeleka mtu kwenye huduma inayolipiwa na mipango hii, na inagusa pande zote mbili: anayetoa na anayepokea. Uzito wa adhabu unategemea kiasi cha pesa. Mshahara halali wa mwajiriwa hauingii humo.

Pili, kuzuia malipo. Idara ya jimbo ikiwa na tuhuma za kuaminika za ulaghai, inaweza kusimamisha malipo hadi siku 60 wakati inachunguza. Kwa upande wa Medicaid uwezo huo ulikuwepo tayari kwa kanuni za shirikisho. Sheria mpya ilitandaza uwezo huo kwenye idara nyingine na mipango mingine.

Tatu, leseni. Vituo vya usonji vilikuwa vikifanya kazi bila leseni ya jimbo. Fikiria: kituo kinachokaa na mtoto mchana kutwa, bila leseni. Bunge likaagiza leseni ya mpito ili vituo hivyo viingie kwenye uangalizi.

Kuna kimoja kilichokwama. Seneti ilipitisha kwa kura 60 dhidi ya 7 muswada wa kuunda ofisi huru ya Mkaguzi Mkuu, ambayo haingekuwa chini ya idara inayoikagua. Kikao cha 2025 kikaisha kabla haujapita upande wa pili.

Halafu yakaja yasiyotoka Bungeni. Idara ya huduma za binadamu, ile tunayoiita DHS, ilifunga kabisa mpango wa makazi Oktoba 31, 2025. Siku chache kabla ya hapo Gavana Tim Walz alikuwa ameagiza huduma 14 zilizotajwa kuwa za hatari kubwa zichunguzwe na kampuni ya nje kabla ya kulipwa, na malipo yakaweza kuchelewa hadi siku 90. Huduma za PCA zimo kwenye orodha hiyo. Na kuanzia Januari 1, 2026 leseni mpya za huduma za nyumbani na za kijamii zimesitishwa. Kama ulikuwa na ndoto ya kufungua kampuni mwaka huu, na najua wengi mlikuwa nayo, hapo ndipo ilipogonga ukuta.

Si kama dalali

Sasa tuje kwenye linalotuuma sisi.

Kwetu, ukimletea mtu riziki hukosi kushukuriwa. Dalali wa nyumba anapata chake. Aliyekuunganisha na mwajiri unamtumia kitu kwa M-Pesa, na usipomtumia unaonekana huna adabu. Hakuna anayeona huo ni wizi. Ndiyo maana ujumbe wa "tuletee mteja tukushukuru" unapita kwenye vikundi vya WhatsApp bila mtu kushtuka. Shangazi yangu aliahidiwa dola 500 kwa kila mzee atakayemhamisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Akanipigia simu: "Mwanangu, hii si kama udalali tu?"

Nikamwambia hapana, shangazi, na sababu ni mbili.

Dalali analipwa kwa pesa za mnunuzi, na mnunuzi yupo pale, anaiona bei, anaweza kukataa. Hapa anayelipa ni Medicaid, na haoni. Mzee mwenyewe haoni. Anahamishwa, si kwa sababu kule watamhudumia vizuri zaidi, bali kwa sababu kule wanalipa zaidi. Amegeuzwa ng'ombe wa mnadani na hajui kwamba yuko mnadani.

Ya pili: zile dola 500 lazima zirudi. Hakuna kampuni inayotoa 500 kwa upendo. Zitarudi kwa kuandika saa ambazo hazikufanywa, au kwa kupunguza mishahara, au kwa mzee kuogeshwa mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Ukifuata ile "asante" hadi mwisho wake, unaikuta kitandani kwa mgonjwa.

Ndiyo maana wale wazazi wa watoto wenye usonji ni somo kwetu. Mzazi mwenye watoto watatu na kodi isiyolipika akipewa dola 1,000 kwa mwezi, ataona ni msaada. Lakini saa za matibabu zinazodaiwa kwa jina la mwanawe ni zile mtoto alizohitaji kweli, na miaka ya mwanzo hairudi. Pesa imepokewa na mzazi, deni limebebwa na mtoto.

Na kubadilisha jina hakusaidii. Iite mchango, iite harambee, ipitishe kwenye chama, ilipe kwa tiketi ya ndege badala ya pesa taslimu: kama imetolewa ili mteja aje, ni ileile.

Karatasi za saa

Kamisheni inawahusu wachache. Karatasi za saa zinatuhusu wote.

Si mnajua inavyokwenda? Familia ya mteja inasema, "Leo usije, tuko sawa, lakini andika tu." Au inakuwa wazi zaidi: "Andika saa nane, ulifanya nne, zile nne tutagawana." Au mfanyakazi amesafiri nyumbani kuzika, wiki tatu, na kwa namna ya ajabu saa zake Minnesota zinaendelea kama kawaida. Wengi hufanya hivyo wakiamini wanasaidiana, na nyuma yake kuna lile wazo letu la zamani kwamba cha serikali hakina mwenyewe.

Kina mwenyewe. Saa za mteja zina kikomo: amepimwa, akapangiwa saa kadhaa. Ukizila za bure leo, ndizo zitakazokosekana siku atakapoanguka bafuni.

Na sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 inataka huduma za nyumbani zithibitishwe kielektroniki: nani alihudumia, nani alihudumiwa, huduma gani, tarehe gani, mahali gani, saa ya kuanza na ya kumaliza. Ndiyo maana unabonyeza simu ukifika na ukiondoka. Mamangu alilalamika mwanzoni ("hii simu inanifuata kama mume"), lakini siku moja kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilidai hakuwepo kazini Jumapili fulani na ikataka kumkata mshahara. Akaionyesha rekodi ya simu, akalipwa. Tangu siku hiyo hajalalamika tena. Rekodi inayoweza kumfunga mwongo ndiyo hiyohiyo inayomlinda mkweli.

Wengi wetu hatujui uzito wa saini moja ya uongo. Mtu akihukumiwa kwa kuiibia Medicaid, anaingizwa kwenye orodha ya shirikisho ya waliofungiwa, si chini ya miaka 5, na humo ndani hakuna kampuni wala hospitali katika jimbo lolote inayoweza kumlipa kwa pesa za Medicare au Medicaid. Uchunguzi wa historia yake, ule ambao DHS hufanya kabla hujaanza kazi, utamkwamisha. Na kwa wenye kadi ya kijani: chini ya sheria ya uhamiaji, kosa la ulaghai ambalo hasara yake inazidi dola 10,000 linahesabiwa miongoni mwa makosa mazito yanayoweza kumfukuzisha mtu nchini, hata kama ameishi hapa miaka 20. Saa nne za uongo kwa siku, kwa mwaka mzima, zinafika huko bila wewe kuhisi.

Usimamizi nao una bei yake

Sasa nimgeukie yule kaka mwenye kampuni, kwa sababu naye ana haki ya kusikilizwa.

Malipo yakichelewa, kampuni kubwa inakopa benki. Kampuni yenye wafanyakazi 9 haina pa kukopa. Mishahara ya Ijumaa inategemea malipo ya Jumanne. Kaka huyu aliniambia alilipa wafanyakazi kwa kadi yake ya mkopo mwezi mmoja, na mwezi wa pili wafanyakazi wawili wakaondoka kwenda ghalani kupakia mizigo, kwa sababu ghala hulipa kila wiki. Wateja wao wakabaki bila mtu wa asubuhi. Hakuna aliyemtuhumu kwa lolote. Alikuwa tu kwenye orodha ya huduma 14.

Na ule mpango wa makazi uliofungwa: wezi walikuwemo, ndiyo, na wengi. Lakini namjua mama mmoja aliyekuwa akilala kwenye gari na wanawe, ambaye kupitia mpango huo alipata mtu wa kumjazia fomu, kuzungumza na mwenye nyumba na kumtembelea miezi iliyofuata. Huyo aliyemsaidia hakuwa mwizi. Mpango ulipofungwa alipoteza kazi, na mama akapoteza msaidizi, siku moja kwa pamoja.

Si Minnesota peke yake. Arizona, Mei 2023, Gavana Katie Hobbs na Mwanasheria Mkuu Kris Mayes walitangaza hatua dhidi ya vituo vya uongo vya kutibu ulevi na dawa za kulevya. Vituo hivyo vilikuwa vikiwawinda wenyeji asilia, wakiwemo watu wa taifa la Navajo: wanachukuliwa kwa magari, wanawekwa kwenye nyumba, madai yanatumwa, matibabu hakuna. Serikali iliposimamisha malipo, nyumba zikafungwa, na watu wakajikuta barabarani Phoenix, mbali na kwao. Waliibiwa mara ya kwanza na wezi. Mara ya pili walipotezewa makazi na dawa ya wizi.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema nani atabaki nje ukuta ukijengwa, lakini sasa tunajua: ni mgonjwa, halafu ni mfanyakazi wa mshahara mdogo. Mwizi mkubwa alikwisha nunua gari na shamba. Kwa hiyo mtu akinambia usimamizi ni adui wa jamii yetu, sikubali. Usimamizi wa mapema ndio unaotulinda: mkaguzi anayetembelea kituo kabla ya dola ya kwanza kulipwa, anayeshtuka makadirio ya milioni 2.6 yanapofika milioni 20 na si yanapovuka 100. Shoka la kukata kila kitu kwa pamoja ni dalili kwamba usimamizi haukuwepo.

Lawama inapomwagwa

Siwezi kuandika haya nikakwepa jambo moja. Wengi wa washtakiwa wa Feeding Our Future wana asili ya Kisomali, na mwishoni mwa 2025 neno "ulaghai" likageuzwa fimbo ya kuwachapia Wasomali wote wa Minnesota, kuanzia na kauli za Rais mwenyewe. Baadhi yao ni wasikilizaji wetu, waliojifunza Kiswahili Dadaab, Kakuma au Eastleigh. Kuna Wakenya niliowasikia wakisema, "Sisi hatumo." Tuache. Aliyeanzisha shirika lile ni Mmarekani mweupe. Desemba 2025 walishtakiwa watu wawili wa Philadelphia waliosikia kwamba Minnesota kuna pesa rahisi, wakaja kuchuma kwenye mpango wa makazi. Waendesha mashtaka wenyewe waliita huo utalii wa ulaghai. Na afisa wa mlangoni haulizi wewe ni Mkisii au Mmarehani kabla hajaangalia rangi yako.

Lakini kukataa lawama ya jumla hakumaanishi kufunika sufuria. Tunaweza kusema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba jamii haishtakiwi kwa kosa la mtu, na kwamba yule mtu, hata akiwa mchangiaji mkubwa wa harambee zetu, si shujaa.

Basi tufanye nini?

Kama wewe ni mfanyakazi: andika saa ulizofanya tu. Usimpe mtu nywila yako ya mfumo wa saa, hata bosi, hata binamu. Hifadhi nakala zako mwenyewe, picha ya skrini inatosha. Ukiambiwa uandike uongo, kataa kwa maandishi, ujumbe mfupi tu: "Jumanne sikuwepo, sitaandika." Ujumbe huo siku moja utakuwa wakili wako.

Kama wewe ni mwenye kampuni: kila saa unayoidai iwe na karatasi nyuma yake, leo, si siku barua ikifika. Kagua kila mwezi kama kuna mfanyakazi wako kwenye orodha ya waliofungiwa. Na acha kutoa zawadi kwa wanaoleta wateja, zote. Ukitaka kumzawadia mtu, mpandishie mhudumu mshahara.

Kama una mzazi au mtoto anayehudumiwa: omba uone saa zinazodaiwa kwa jina lake. Una haki hiyo. Zilinganishe na unachokiona kwa macho. Yeyote anayekulipa wewe ili amhudumie mtoto wako, mwogope.

Na ukiona ulaghai, DHS ina namba ya simu na ukurasa wa kupokea taarifa, na unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina. Kwetu hilo linaitwa usaliti, najua. Lakini jiulize unamsaliti nani ukinyamaza. Mzee yule naye ni mtu wa mtu.

Bunge lilipangiwa kurejea Februari 2026, na ofisi huru ya Mkaguzi Mkuu ilitarajiwa kurudi mezani. Mwakilishi wako ana simu, na ofisi yake inahesabu waliopiga. Mimi nitapiga, na nitasema mambo mawili: wekeni mlinzi mlangoni mapema, na msizuie mishahara ya wasiotuhumiwa. Dakika tatu tu, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Kipindi kijacho tutakuwa na wahudumu wawili, mmoja wa Brooklyn Center na mmoja wa Rochester, na mkaguzi wa zamani wa kampuni za uangalizi. Tuma swali lako kwa sauti, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho. Yule mzee wa dakika nne, baba, wewe tuma hata kumi.